Panya si mtu, lakini si mchezo

Twawasikia watu wa namna mbili. Wa kwanza wanacheka: «Wenye elimu wanatia chembe za damu ya watu ndani ya panya! Kweli hawana kazi.» Wa pili wanashangilia: «Panya amepona! Leteni dawa tununue.» Sisi twasema wazi: wote wawili wanakosa, na kosa lao laumiza wagonjwa.

Tuanze na wenye kucheka. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Damu mpya yatoka wapi? Ndani ya uboho wa mifupa mna chembe chache zinazozaa damu siku zote. Tuziite chembe mama. Mgonjwa ambaye chembe mama zake zimeharibika aweza kupandwa za mtu mwingine. Kwa kazi hiyo mganga E. Donnall Thomas wa Marekani alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1990. Lakini chembe mama haijulikani kwa sura yake. Yajulikana kwa matunda: izae damu ya kila namna, tena kwa muda mrefu. Ili kuijua, sharti kuipanda. Je, wewe mwenye kucheka, utamtoa mwanao ajaribiwe wa kwanza?

Panya wa kawaida huziua chembe za mtu, kwa maana mwili wake una askari wa kufukuza wageni. Mwaka 1983 Melvin Bosma na wenzake walitangaza huko Marekani panya waliozaliwa bila askari wa namna mbili. Mwaka 2002 Wajapani, na mwaka 2005 Wamarekani, walitangaza wengine waliokosa hata askari wa namna ya tatu. Panya huyo hupigwa mionzi kidogo ili nafasi ipatikane katika uboho wake. Hutiwa chembe za mtu kwa sindano. Kisha watu hungoja majuma kumi na mawili au zaidi. Damu ya mtu ikizidi kuzaliwa, chembe mama zilikuwamo. Mwaka 2011 wataalamu wa Toronto walionyesha kwamba hata chembe mama moja tu ya mtu yaweza kufanya kazi hiyo. Huo si mchezo.

Sasa ninyi wenye kushangilia. Panya asiye na askari atashuhudiaje vita ya askari wa mgonjwa juu ya chembe za mgeni? Hawezi. Tena chembe nyekundu za mtu hazikai ndani yake, huangamizwa upesi. Tena maisha yake ni mafupi, na mgonjwa anataka damu ya maisha yake yote. Panya ni shahidi mwema, lakini aulizwe yale aliyoyaona tu.

Jambo hili latuhusu sisi wa Kongo. Nani hajui mtoto mwenye ugonjwa wa SS, ambaye chembe zake nyekundu hupindika kama mundu, akalia usiku kwa maumivu ya mifupa? Desemba 2023 Marekani ilikubali dawa mbili za ugonjwa huo, ambazo kwazo chembe mama za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hutengenezwa na kurudishwa. Chembe za namna hiyo zilipitia kwanza kwa panya wasio na askari, kisha kwa wagonjwa wachache waliotazamwa kwa makini. Hiyo ndiyo njia. Haraka haina baraka.

Basi anayecheka panya amcheka mtoto huyo. Na mchuuzi anayeuza «chembe mama» za kuponya kila ugonjwa, akitaja panya kuwa shahidi wake, amwibia mama wa mtoto. Mwulizeni: Dawa yako imepewa watu wangapi? Walitazamwa miaka mingapi? Nani asiyekula faida yako aliyehakikisha? Akinyamaza, fungeni mifuko yenu.

Na kama mwataka kupiga kelele, jambo lipo. Bei iliyotangazwa Marekani kwa moja ya dawa zile mbili ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Panya amekwisha toa ushahidi wake. Sasa ni zamu ya watu kujibu: dawa hiyo itamfikiaje mtoto wa maskini?