Wafupi wakae pembeni? Leo mtanisamehe

Najua nimepotea. Kisingizio ni kile kile: ripoti ya utafiti, foleni ya kantini, na bumu ambalo kila wiki tunaambiwa linatoka wiki ijayo. Leo sina habari za lekcha. Leo nina hasira, na nimeona bora niimalizie hapa kuliko chumbani, maana chumbani tuko sita, mkigombana hamna pa kukimbilia.

Ilikuwa hivi. Jana usiku mshikaji mmoja alikuwa anaangalia kwenye simu mechi ya mchezo wa vinyoya, ule wengine mnauita badmintoni. Alikuwa anacheza Akane Yamaguchi wa Japani. Tukajikuta wote tumeinamia kioo kimoja. Mmoja akasema, "Hawa si watu, ticha, hawa ni mashine. Wamezaliwa hivyo." Hapo nilinyamaza. Kisha mwingine, ambaye Julai anakwenda BTP, akaongeza, "Mimi nikifika shuleni nachagua warefu tu. Wafupi wakae pembeni wapige makofi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na sababu yangu nitaisema mbele huko, kwa sababu inanihusu vibaya.

Kwanza tumalize la mashine. Huyo Yamaguchi mliyekuwa mnamtazama ana sentimita 156. Narudia, 156. Kwenye foleni ya maji pale hosteli usingemwona. Amekuwa bingwa wa dunia mara tatu: 2021 kule Huelva, Hispania, 2022 nyumbani kwao Tokyo, na 2025 Paris, ambako fainali alimpiga Chen Yufei wa China, dada aliyemzidi urefu kwa mbali. Anafanyaje? Miguu. Ukimpelekea kinyoya nyuma kabisa ya kiwanja, yupo. Ukikidondosha karibu na neti, yupo, mara nyingine kalala kifudifudi sakafuni na raketi imeshakirudisha. Akipata nafasi anaruka na kupiga smashi, na kwa urefu ule ni lazima aruke kweli kweli. Akipoteza pointi anatabasamu. Mashine gani inatabasamu ikikosea?

Sasa mchukue Nozomi Okuhara, mfupi kama yeye, lakini mchezo wake haufanani kabisa na wa Yamaguchi. Okuhara hana haraka. Kabla ya mechi anasimama pembeni ya kiwanja, anajisemea maneno yake kimya kimya, anainama kutoa heshima, ndiyo anaingia. Na akishaingia hakuachi. Fainali ya dunia ya 2017, Glasgow, alikutana na P. V. Sindhu wa India, mrefu wa sentimita 179. Dakika 110! Kuna pointi moja mwishoni mwa seti ya pili ambayo kinyoya kilipigwa mara 73 bila kugusa chini. Okuhara aliipoteza seti ile, akarudi akashinda ya tatu 22-20. Hakumshinda Sindhu kwa nguvu. Alimpeleka kona hii, akamrudisha kona ile, mbele, nyuma, mpaka ule urefu ukawa mzigo wa kubeba. Nimeiangalia mechi ile mara nne (bando la usiku, msiniulize) na kila mara nasahau nani anashinda.

Na Kento Momota je? Huyu ni mkono wa kushoto, mtulivu, bwana wa neti. Yeye alikuwa anakuwekea kinyoya pale unapochukia kukiona, anakungoja ukosee, na unakosea. Mwaka 2019 peke yake alichukua mataji 11. Kama mnataka kumwita yeyote mashine, basi angekuwa huyo. Lakini huyo huyo alifungiwa 2016 kwa kucheza kamari haramu akaikosa Olimpiki ya Rio. Januari 2020, akitoka kuchukua taji Malaysia, gari lililokuwa linampeleka uwanja wa ndege likapata ajali, dereva akafariki, na yeye akavunjika mfupa wa jicho. Akawa anaona kitu kimoja kama viwili. Hebu fikiria, mchezaji wa vinyoya anaona vinyoya viwili. Alifanyiwa upasuaji, akarudi, lakini Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, alitolewa hatua ya makundi mbele ya kwao. Mwaka 2024 akaiaga timu ya taifa. Mashine hazilii, jamani. Hazijutii kamari.

Eti wamezaliwa hivyo! Mbona Athens 2004 walitoka bila medali hata moja? Baada ya aibu ile walimchukua kocha Mkorea, Park Joo-bong, bingwa wa zamani wa wachezaji wawili wawili, akakaa nao zaidi ya miaka 20. London 2012 wakapata fedha, medali yao ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huu. Rio 2016, dhahabu, Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi. Na ile dhahabu ilikuwa imeshapotea! Seti ya tatu Wadenmark waliongoza 19-16, wanahitaji mbili tu. Takahashi nyuma anapiga, Matsutomo mbele anasoma macho ya watu na kuiba kinyoya karibu na neti. Pointi tano mfululizo, 21-19. Kwa hiyo swali la kuuliza hapa si nani alizaliwa vipi. Swali ni nani aliwafundisha, na wapi.

Hapa ndipo nawataka wana-elimu wenzangu. Kuna mji mdogo unaitwa Tomioka, mkoa wa Fukushima, kando ya bahari. Shule zake ziliamua kuwa na programu ya mchezo wa vinyoya. Momota alitoka mbali kwenda kusoma pale akiwa mtoto. Yuta Watanabe na Arisa Higashino walikutana pale pale, wakaja kuchukua shaba ya mseto Olimpiki mbili mfululizo, Tokyo na Paris 2024. Watanabe si mrefu, ana sentimita 167, ila mkono wake ni mwongo kuliko dalali. Anaonyesha anapiga huku, kinyoya kinakwenda kule. Machi 2011 tetemeko, tsunami na ajali ya mtambo wa nyuklia vikaufanya mji wote uhamishwe. Unadhani programu ilikufa? Walihamia Inawashiro, wakaendelea. Mji umehama, walimu wamehama na raketi zao.

Haya, sasa twende mwisho wa reli.

BTP ya 2024, nikiwa mwaka wa kwanza, nilipangiwa sekondari moja Ujiji. Shule siitaji. Nilifundisha Kiswahili na Historia, na kwa sababu nilikuwa kijana nikaongezewa michezo, kama kawaida, bila kuulizwa. Wiki ya kwanza nikafanya nini? Nikawapanga mstari wasichana wa kidato cha pili nichague wa netiboli. Nikapita nikinyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Kuna binti mmoja mdogo kuliko dawati lake, nikamwambia, "Wewe kaa pembeni, utatuhesabia magoli." Akajibu, "Sawa, mwalimu," akaenda kukaa chini ya mwembe. Hakununa. Alionekana amezoea.

Ndiyo maana jana sikucheka.

Nilikuwa na raketi nne, mbili zangu za mtumba wa Kariakoo na mbili za kuazima hapa chuoni. Neti sikuwa nayo. Lakini mwaka ule ziwa lilikuwa limefungwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mitumbwi imepandishwa mchangani, wavuvi wamekaa wanacheza bao, nyavu za dagaa zimelala. Mzee mmoja wa mwalo wa Ujiji nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, wavu wa kuvulia nini?" Nikasema manyoya. Akacheka mpaka akakohoa, akanipa kipande kilichochakaa. Tukakifunga kati ya miti miwili, nikapima kwa futi kamba mita 1.55 kwenye kila mti, mistari tukachora kwa majivu. Miembe ya Ujiji mnaisikia kwenye historia ya Livingstone na Stanley, 1871. Mimi nawaambia faida yake nyingine, inakata upepo wa ziwani.

Yule binti alishika raketi siku ya tatu, baada ya wakubwa kuchoka. Sikumfundisha kukimbia. Alikuwa na zile hatua fupi fupi za mtu aliyezoea kupenya sokoni na beseni kichwani bila kumgusa mtu. Kinyoya akawa anakirudisha tu. Hapigi kwa nguvu, anarudisha. Wale warefu wangu wa netiboli wakaanza kukasirika, wakipiga nje, wakipiga neti. Wiki mbili baadaye hakuna msichana aliyekuwa anamfunga, na wavulana wakawa wanatafuta visingizio. Mimi mwenyewe alinifunga 21-17. Nacheka sasa, siku ile nilisema jua lilinipiga machoni.

Mnaweza kusema Ujiji haina sababu ya kujua haya. Nani? Ujiji? Kigoma ilimtoa Juma Kaseja, ambaye kwa vipimo vya magolikipa aliambiwa mfupi kila siku, na mashabiki wa Simba wanajua alichofanya Cairo 2003 kwenye penalti za Zamalek. Tena Kigoma inawajua Wajapani kuliko Dar inavyowajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako Mahale, kando ya ziwa, tangu 1965, wanafuata sokwe mlimani mwaka baada ya mwaka. Sijui kama kuna aliyewahi kupanda na raketi.

Mwalimu mmoja pale, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia, "Mwalimu, hiyo michezo ya Wahindi utaondoka nayo." Hoja yake haikuwa ya kijinga. Vifaa ni ghali, kinyoya cha manyoya halisi kinakufa ndani ya mchezo mmoja, na UMISSETA watu wanataka mpira wa miguu na netiboli. Ila vinyoya vya nailoni vinadumu. Tangu 2019 shirikisho la dunia limeleta mchezo wa nje kabisa, wenye kinyoya kizito kidogo kinachovumilia upepo. Shirikisho hilo hilo lina programu ya walimu wa shule, Shuttle Time, masomo 22 yamepangwa tayari, bure. Na hii michezo ya Wahindi, jirani zetu Uganda walishampeleka Edwin Ekiring Olimpiki ya Beijing 2008. Yeye ni Mhindi?

Lakini mzee yule alisema kweli, niliondoka nayo. Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa, wavu ukarudi kwa mwenyewe, na ni haki yake. Raketi za kuazima nikazirudisha chuoni. Mbili nikaziacha shuleni, na nilipopiga simu Oktoba nikaambiwa ziko stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo amehamishwa. Yule binti anahesabu magoli ya netiboli.

Kwa hiyo wewe wa jana, unayekwenda na kidole chako cha kuchagulia warefu, sikuoni mbaya kuliko mimi. Nakuona kama mimi wa 2024, na huyo ndiye ninayegombana naye. Utakuwa na mstari wa watoto mbele yako na dakika kumi za kuamua nani anacheza na nani anapiga makofi. Hujui chochote kuhusu miguu yao. Wape raketi kwanza, wote, hata kwa zamu ya dakika mbili mbili, ndiyo uanze kunyoosha kidole.

Kama hesabu zangu ziko sawa, sasa yuko kidato cha nne, Novemba ana mtihani. Nimenunua raketi mbili na boksi moja la vinyoya vya nailoni, viko chini ya kitanda changu. Anayepangiwa Kigoma Julai hii anitafute, nimwelekeze shule na mwembe wenyewe. Njoo baada ya saa mbili usiku, kabla ya hapo niko kwenye foleni ya kantini.