Miradi ya wanafunzi wa kompyuta itoke kabatini, iende dukani

KILA mwaka vyuo vikuu vya Tanzania hutoa vijana waliosomea uhandisi wa programu za kompyuta. Kabla ya kuhitimu hutakiwa kutengeneza programu inayofanya kazi, kuiandikia ripoti na kuionyesha mbele ya wahadhiri. Mara nyingi, alama zikishatolewa, ripoti hufungiwa kabatini na programu hubaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi.

Hasara hiyo si ya chuo peke yake. Mwenye duka la pembejeo anayekopesha mbolea hadi mavuno huandika madeni kwenye daftari, na likilowa au kupotea, fedha zake nazo zimepotea. Karani wa chama cha msingi hupiga hesabu za kilo na makato kwa mkono, na mkulima anayehisi amepunjwa hana njia ya haraka ya kuhakiki. Kazi hizo ziko jirani na chuo, lakini si ajabu kukuta kikundi cha wanafunzi kikitengeneza programu ya hoteli ambayo hakijawahi kukanyaga.

Somo lenyewe linaelekeza vingine. Hatua ya kwanza ya uhandisi wa programu ni kujua mahitaji ya mtumiaji, na mahitaji hayo hayapatikani bwenini. Mwanafunzi akishinda siku mbili dukani ataona kwamba mteja hulipa nusu taslimu na nusu kwa gunia la mahindi, kwamba umeme hukatika na kwamba wateja wengi wana simu za kitochi. Programu isiyojua hayo inaweza kupata alama nzuri darasani, ikamshinda muuzaji siku ya kwanza.

Faida ya watumiaji halisi inajulikana. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliwaachia watu wengine waitumie na kuikosoa programu aliyoianzisha, ambayo inajulikana kama Linux. Masahihisho yao yaliikuza, na leo ndiyo msingi wa simu za Android ambazo wafanyabiashara wengi wanazo mikononi.

Wapo watakaosema muhula ni mfupi. Ni kweli: muhula ni takriban miezi minne, wakati deni la mbolea husubiri mavuno. Dawa yake ni kurithishana. Darasa linalofuata likabidhiwe programu ya waliotangulia, liisahihishe na kuiendeleza. Hilo nalo ni somo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya programu huja baada ya kuanza kutumika. Aidha, vyuo vitenge sehemu ya alama kwa ajili ya mtumiaji: je, baada ya mwezi mmoja bado anaitumia?

Wafanyabiashara na viongozi wa ushirika nao wana wajibu. Waende chuoni kabla mada hazijagawanywa, wakiwa na tatizo moja linaloeleweka. Watoe nauli na chakula cha mchana, na wawe tayari kuulizwa maswali. Majina ya wadaiwa yafichwe, kwani taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari lisitupwe, litumike sambamba na programu kwa msimu mzima, na kila jioni hesabu za pande mbili zilinganishwe. Yaandikwe pia makubaliano ya nani ni mwenye programu na nani ataitengeneza ikiharibika.

Programu ya mwanafunzi haitakosa kasoro. Lakini kasoro inayoonekana dukani hurekebishwa, na kijana aliyeirekebisha hutoka chuoni akiwa na mteja wake wa kwanza. Mwaka wa masomo katika vyuo vingi huanza kati ya Oktoba na Novemba. Huo ndio wakati wa kubisha hodi.