Kununua Kamera ya Gari Si Kununua Ushahidi

Kuna kauli imeenea barabarani, kutoka kwa madereva wa taksi mtandao hadi kwa wenye magari ya kutembelea: "Mimi sina wasiwasi, kamera ipo." Anaisema anayebishana na bodaboda aliyemkwangua ubavuni. Anaisema aliyesimamishwa na trafiki mwenye tochi. Hata muuzaji wa Kariakoo anaimalizia biashara kwa kauli hiyohiyo: "Chukua hii bosi, 4K halisi, hakuna wa kukuonea tena." Imani iliyo nyuma yake ni kwamba kifaa kikishabandikwa kwenye kioo cha mbele, ukweli umehifadhiwa, na siku ya tatizo kilichobaki ni kubonyeza watu waone. Imani hiyo ni potofu, na inawapotezea watu haki zao.

Siipingi kamera yenyewe. Nazitaka kamera kwenye magari yetu, kwa sababu ajali zetu bado zinaamuliwa kwa makelele. Umati ukishajaa, mwenye sauti kubwa anashinda, na mwenye gari kubwa anahukumiwa kabla askari hajafika. Picha safi ingemaliza ubishi huo kwa dakika mbili. Lakini picha safi haiji kwa sababu umelipa pesa dukani.

Imani hii imelishwa na video tunazorushiana. Februari 2013 kimondo kilipopasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, dunia nzima ilikitazama kupitia kamera za magari, na tangu hapo tumezoea kuona malori yakipinduka na matapeli wakijirusha mbele ya magari. Tunachosahau ni kwamba tunaletewa zilizonasa tu. Kamera iliyokuwa imezimika, iliyojaa au iliyoangalia mawingu haina video ya kusambaza.

Tuanze na kadi, maana hapo ndipo ushahidi mwingi unapofia. Kamera ya gari hurekodi kwa mzunguko: kadi ikijaa, inafuta cha zamani na kuandika kipya juu yake. Kadi ya GB 32 yenye picha za HD kamili hubeba takribani saa nne au tano za safari. Ukiongeza kamera ya nyuma, muda unapungua tena. Ukitumia 4K, unapungua zaidi. Sasa mchukue dereva anayetoka Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri kwenda Dodoma. Karibu na Chalinze lori linamvunja kioo cha pembeni na kutokomea. Anajisemea "kamera ipo," anaendelea na safari, na saa saba mchana akiwa Dodoma anafungua kadi. Anaiona Gairo vizuri, anaiona Kibaigwa, lakini Chalinze imeshafutwa. Kamera ilifanya kazi yake sawasawa. Yeye ndiye hakujua kwamba alitakiwa kusimama palepale na kuifunga ile video isifutwe.

Mwenye kamera atakujibu kwamba ina kihisi cha mtikisiko, kikihisi kishindo kinaifunga video chenyewe. Ni kweli. Lakini kihisi hicho hakijui tofauti ya ajali na tuta. Kikiachwa kwenye kiwango cha juu, kila tuta na kila shimo ni "ajali", na kila "ajali" inakula nafasi isiyofutwa. Kwa barabara zetu, baada ya wiki kadhaa kadi imejaa matuta matupu na nafasi ya tukio la kweli hakuna. Kikishushwa mno, kukwanguliwa ubavuni hakukiamshi kabisa. Lazima ukipange kwa barabara unayopita, na duka halikufanyii kazi hiyo.

Kadi zenyewe zinachoka. Kadi ya kawaida ya simu haikutengenezwa kuandikwa na kufutwa kutwa nzima. Nunua zile zenye maandishi ya High Endurance, na uifomati ndani ya kamera yenyewe angalau mara moja kwa mwezi. Tena jihadhari na kadi bandia: nje imeandikwa GB 128, ndani ina sehemu ndogo tu ya hiyo. Ijaze video kwanza kwenye kompyuta, uzifungue zote, ndipo uiamini.

Halafu kuna saa. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi yanakuja na kamera zake, menyu nzima Kijapani, na saa ya huko. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Umegongwa saa nane mchana jua linawaka, lakini maandishi chini ya picha yanasema 20:00. Wakili wa upande wa pili hahitaji hoja nyingine. Hata kamera mpya hurudisha tarehe nyuma ikikosa umeme muda mrefu. Ushahidi wenye tarehe ya uongo unamharibia sifa anayeuleta, hata kama picha ni ya kweli.

Jua letu nalo halijali bei uliyolipa. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa au Dar, joto linaweza kupita nyuzi 60, na kwenye kioo cha mbele ndiko kubaya zaidi. Kamera nyingi za bei rahisi zina betri ya lithiamu, ambayo kwa joto hilo huvimba na kufa, na ikifa, umeme ukikatika kwa kishindo cha ajali, video ya mwisho haikamiliki. Tafuta inayotumia kapasita badala ya betri. Swali hilo moja, "Hii ni ya betri au ya kapasita?", lina faida kuliko kuuliza ina K ngapi. Hizo K zenyewe mara nyingi ni za kwenye boksi tu. Picha ndogo imenyooshwa ionekane kubwa. Usiku, gari likija na taa kamili, kinachosomeka kwenye namba kinategemea zaidi ubora wa kihisi cha picha na lenzi, na hata kilicho bora hushindwa. Ndiyo maana dereva mwerevu huitaja namba ya gari kwa sauti wakati maikrofoni inarekodi.

Na mafundi wetu? Wengi hubandika pale ambapo waya unafika. Kamera inatakiwa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mahali waipa zinapofuta, chini ya ule ukanda wa tinti, isimzibe dereva. Waya upitishwe nyuma ya eabegi ya nguzo ya pembeni, kamwe usikatize mbele yake, kwa sababu eabegi ikilipuka itaubeba kuelekea usoni mwa mtu. Kama unataka irekodi gari likiwa limeegeshwa, iunganishwe kwenye kisanduku cha fyuzi kupitia kifaa kinachokata umeme betri ya gari ikishuka karibu na volti 12. Bila hicho, asubuhi utaomba kusukumwa.

Tuseme umefanya yote hayo na video ipo. Bado huna ushahidi mpaka uitunze. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama itazame namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyosafirishwa, kama inaaminika. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyopatikana. Sisi tunafanya nini? Tunairekodi video kwa simu kutoka kwenye kioo kidogo cha kamera, tunaitupa kwenye kundi la WhatsApp, inabanwa, inakatwa, inawekewa muziki, na kadi ya asili inarudi barabarani kufutwa. Ukipata ajali, toa kadi, iweke pembeni, nakili faili nzima bila kuikata, andika nani aliitoa na lini. Na usirushe sura za majeruhi mitandaoni: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na heshima ya mtu aliyelala barabarani haikuhitaji sheria kuwepo.

Kuna jambo jingine wenye kauli ya "kamera ipo" hawalitamki. Kamera haijaapa kukutetea wewe. Yenye GPS inaandika mwendo wako: 72 kwenye eneo la 50. Yenye maikrofoni inasikika ukiongea na simu. Anayetaka kamera imuumbue bodaboda peke yake hajui alichonunua.

Watanijibu: hata kamera mbovu ni bora kuliko kukosa kabisa. Hapana. Asiye na kamera anajua hana, kwa hiyo anapiga picha magari kabla hayajasogezwa, anachukua namba za simu za mashahidi, anaita polisi, anaijulisha kampuni ya bima. Mwenye kamera asiyoikagua anaacha yote hayo kwa sababu ana uhakika. Mashahidi wanatawanyika, magari yanasogezwa, na jioni anakuta kadi ilikufa miezi mitatu iliyopita. Huyo amepoteza vyote viwili.

Kwa hiyo wewe mwenye kamera, leo jioni toa kadi uiweke kwenye kompyuta. Tafuta safari ya jana. Angalia kama tarehe ni sahihi, kama saa ni sahihi, kama namba ya gari lililokuwa mbele yako kwenye foleni inasomeka. Ukishindwa hata kimoja, acha kusema una ushahidi mpaka umerekebisha. Na wewe unayejiandaa kununua, tenga bajeti ya kadi nzuri na fundi mzuri kabla hujatenga ya K nyingi. Kisha ikague kila mwezi, kama unavyokagua oili na upepo wa matairi.