Wataalamu wa Leza na Washirikiane

Tangu Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko Marekani mwaka 1960, mwanga umegeuka kuwa kekee na patasi. Hivi leo hutoboa chuma tundu jembamba kuliko unywele. Lakini ieleweke kwamba ufundi huu haukuzaliwa na mtu aliyejifungia chumbani. Mwaka 1985 Gérard Mourou, Mfaransa, na mwanafunzi wake Donna Strickland, Mkanada, walipata njia ya kuzidisha nguvu ya mapigo mafupi mno ya mwanga. Nao waliazima wazo lililokwisha kutumika katika rada. Mapigo ya namna hiyo hukata kioo au chuma kabla joto halijaenea kando.

Mitambo hii ni ghali. Ndiyo maana Kituo cha Leza cha Afrika kilianzishwa mwaka 2003, ili watafiti wa nchi mbalimbali waitumie kwa pamoja. Kwa maoni yetu, ushirikiano wa maprofesa pekee hautoshi: fundi ajuaye kwa nini lenzi imeungua naye aalikwe. Walimu, wazoezeni wanafunzi kuandika na kupashana matokeo, hata ya majaribio yaliyoshindikana. Elimu iliyofichwa kabatini huliwa na mchwa.