Kiwanja cha ndege kilindwe kama ghala la mahindi

WAKULIMA wengi wa Sumbawanga wakiona ndege ndogo ikipita juu ya mashamba, huona ni jambo la wakubwa na watalii. Ukweli ni kwamba ndege hizo zina sehemu katika kilimo cha Rukwa, na usalama wake huanzia chini, kiwanjani, ambako mkulima na mfugaji wana mchango mkubwa kuliko wanavyodhani.

Bonde la Ziwa Rukwa, lililo chini ya nyanda za juu za Ufipa, ni moja ya mazalio makuu ya nzige wekundu barani Afrika. Mwaka 2009 nzige walipozaliana kwa wingi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu, lenye makao makuu Ndola, Zambia, yalisimamia unyunyiziaji wa dawa ya kuvu kwenye takriban hekta 10,000 katika Iku-Katavi, bonde la Rukwa na bonde la Malagarasi. Mbuga za namna hiyo hujaa maji masika na gari haliingii. Kuwaona nzige wakiwa bado tunutu, kabla hawajafika kwenye mahindi na ulezi, kunahitaji jicho la angani.

Kwa ukaguzi wa aina hiyo, glaida yenye injini ingefaa sana. Ni ndege nyepesi ya watu wawili, yenye mabawa marefu na injini ndogo inayokula mafuta kidogo. Injini ikizimwa kwenye kimo cha kilomita moja, inaweza kuteleza hewani kilomita 25 au zaidi hewa ikiwa imetulia. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo huleta taabu wakati wa kutua. Ndege haitaki kushuka. Rubani akija na mwendo wa ziada, itaelea juu ya kiwanja hadi nusu yake iishe. Ndiyo maana hupangilia mwendo mapema na kutumia breki za mabawani.

Ufipa huongeza ugumu wake. Sumbawanga iko kwenye kimo cha takriban mita 1,800, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Ndege inayogusa ardhi ya Dar es Salaam kwa kilomita 80 kwa saa, Sumbawanga itagusa kwa karibu 90, ingawa kipimo cha mwendo mbele ya rubani kinasoma vilevile. Hivyo huhitaji urefu zaidi wa kusimamia, kwa asilimia 20 au zaidi. Wakati wa kuruka, injini ya kawaida hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Joto la mchana huzidisha hali hiyo. Aidha, pale nyanda zinapokatika ghafla kuelekea bondeni, karibu mita 1,000 chini, upepo unaweza kuiinua ndege upande mmoja wa ukuta wa milima na kuikandamiza upande wa pili. Rubani mwangalifu huruka asubuhi na hukaa mbali na ukuta huo.

Hayo ni ya rubani. Yaliyobaki ni ya wananchi. Mabawa ya glaida yenye injini hufikia mita 16 au zaidi kutoka ncha hadi ncha, na mara nyingi yako chini kuliko kimo cha mtu. Mahindi yaliyopandwa hadi ukingoni mwa kiwanja yanaweza kunasa bawa na kuigeuza ndege ghafla. Kichuguu kimoja, ng'ombe mmoja au baiskeli inayokatiza njia inatosha kuleta msiba. Kitambaa cha kuonyesha upepo kikiibwa, rubani hajui atue akielekea wapi.

Serikali za vijiji vyenye viwanja vidogo zingefanya vyema kuweka mipaka inayoonekana, kukubaliana na wafugaji juu ya njia ya mifugo, na kupanga siku za kufyeka. Gharama yake ni panga, jembe na mkutano wa kijiji. Mkulima anayeacha mita chache bila kulima pembeni mwa kiwanja hapotezi shamba. Anajiwekea bima ya mwaka ambao nzige watarudi.