Jina la Kujipa Si Uongo, Ni Deni

Kama umepita shule ya upili Kenya, neno majazi unalijua. Mhusika anaitwa Tamaa, basi ni mlafi. Anaitwa Imani, basi ni mwaminifu. Unaandika, unapata alama, unasonga. Mimi sina noma na majazi. Noma yangu ni ile tabia tunatoka nayo darasani ya kuona jina kama hukumu. Eti jina limeshasema mtu ni nani, imebaki tu kutafuta ushahidi.

Ndio maana nataka wasee wasome Don Quijote (wengine huandika Quixote), riwaya ya Miguel de Cervantes wa Uhispania. Sehemu ya kwanza ilitoka 1605, ya pili 1615, na bado inachekesha vibaya sana. Majina ya humo yamejaa maana, lakini utamu uko hapa: mhusika mkuu hangoji kupewa jina. Anajipa.

Cheki stori. Mzee wa karibu miaka 50 anaishi kijiji fulani huko La Mancha. Amesoma hadithi za mashujaa wa vita mpaka akili ikaruka, sasa anaamua na yeye ni shujaa. Farasi wake ni mifupa mitupu, lakini anakaa siku 4 akimtafutia jina. Analipata: Rocinante. Rocín kwa Kihispania ni farasi wa kazi aliyechoka, na ante inabeba maana ya kabla na pia mbele. Yaani huyu hapo kabla alikuwa farasi mchovu tu, sasa yuko mbele ya wachovu wote. Ni sifa na tusi kwa pamoja.

Jina lake mwenyewe linamchukua siku 8. Nane, bana! Anaibuka na Don Quijote. Quijote ni kile kipande cha chuma cha kukinga paja kwenye mavazi ya vita. Na ule mwisho wa -ote kwa Kihispania mara nyingi hukuza kitu huku ukikicheka, vile sisi tunasema jitu badala ya mtu. Mzee ametafuta heshima, ametoka na paja. Halafu shujaa lazima awe na mpenzi, so anamchukua Aldonza Lorenzo, msichana wa shamba, anamgeuza Dulcinea, kutoka kwa dulce, yaani tamu. Dada mwenyewe hata hana habari.

Ukisoma kwa jicho la majazi utasema: jina la kipuzi, mtu mpuzi, tumemaliza. Hapo ndipo nakataa. Haya majina hayasemi watu ni nani. Yanasema mtu mmoja anatamani dunia iwe vipi. Na mzee analilipia jina lake. Anapigwa, anatolewa meno, anachekwa kila kijiji. Mara nyingi akijaribu kusaidia anaharibu zaidi. Lakini akiona mtu anaonewa hawezi kupita kando, kwa sababu ameshajiita Don Quijote.

Najua mtasema, si huko ni kujidanganya? Tuko na watu wangapi wanajiita Daktari, Injinia, Mheshimiwa, na ukichimba hakuna kitu? Hoja safi, na Cervantes aliifikia kabla yetu. Tatizo liko kwa hilo neno Don. Hicho ni cheo, na kwenye sehemu ya pili Sancho Panza anamletea mzee umbea wa kijiji: wenye heshima zao wamekasirika, amejipachika Don na shamba lenyewe ni kidogo.

Sasa mlinganishe na Sancho. Panza ni tumbo, jina ambalo wengi wetu tungelificha. Matajiri wanamfanyia mzaha, wanampa "kisiwa" cha Barataria atawale, jina lililo karibu na barato, yaani bei rahisi. Wanamwita Don Sancho. Anakataa papo hapo: kwao hakuna Don, yeye ni Sancho tu. Kisha Bwana Tumbo anaketi na kuamua kesi kwa busara, mpaka waliokuja kumcheka wanashangaa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Ukijipa cheo, umeiba. Ukijipa jina, umekopa, na deni hulipwa kwa kazi.

Hii inatuhusu moja kwa moja. Karibu kila mmoja wetu ana jina alilojipa mtandaoni. Kuna msee anajiita produsa na hana wimbo hata mmoja, kuna dem anajiita mwandishi na bado anaandika kwa simu ya mamake. Tunawarukia: "Kwani unajiona nani?" Hilo swali limenyamazisha vipaji vingi. Swali la haki ni moja tu: leo umelilipia hilo jina?

Mzee alipokuwa kitandani akifa, alilirudisha jina. Akasema yeye si Don Quijote tena, ni Alonso Quijano, yule walimwita Mwema. Sancho akalia. Lakini kumbuka riwaya inaanza bila uhakika wa jina lake la ukoo: ni Quijada, ama Quesada? Jina alilozaliwa nalo hata msimulizi hakulishika vizuri. Lile alilojipa, miaka zaidi ya 400 baadaye, bado tunaliita.