Tuwaachie Popo wa Pemba Miti Yao

Ndugu zangu wa Pemba, mnaoamka asubuhi mkakuta makapi ya maembe yametapakaa uani: najua popo anaudhi. Anachagua tunda lililoiva kuliko yote, anagombana na wenzake usiku kucha, na bado nawaomba tumstahi.

Ili mwone sababu, tumlinganishe na mwenzake wa mbali. Huko Amerika ya Kusini yuko mnyama aitwaye tapiri, pande la mnyama lenye miguu mifupi na pua iliyorefuka ikawa kimkonga. Jamaa zake wa karibu ni farasi na kifaru. Mweke kando ya popo wetu, asiyefika hata kilo moja, na undugu huuoni. Ila upo: kwa nasaba popo yu karibu zaidi na tapiri kuliko na panya. Panya, tutake tusitake, ni jamaa zetu sisi watu.

Na kazi ya popo na tapiri ni moja. Tapiri humeza matunda na mbegu zake, akatembea, akaziacha mbali ndani ya kinyesi. Lakini yeye hutaka msitu wa kupita. Popo huruka juu ya makonde, mikarafuu na mapaa ya nyumba, na humo njiani mbegu ndogo za mikuyu zinadondoka mahali palipokwisha kufyekwa. Kisiwani kwetu, ambako msitu wa asili umebaki vipande kama Ngezi, huyo ni mpanda miti asiyedai ujira.

Popo huyu haishi kwingine kokote duniani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 bunduki, nyavu na mashoka vilikuwa vimekaribia kummaliza. Wanavijiji, wa Kidike wakiwamo, wakasimama kumlinda, na hesabu za baadaye zikavuka 20,000. Hata hivyo tusijisahau. Kama tapiri, popo jike huzaa mtoto mmoja kwa uzazi; pengo likitokea huchukua miaka kuzibika.

Kwa hiyo, kabla ya kuangusha mti wenye popo, hasa mikubwa ya makaburini, mwoneni sheha kwanza. Watoto wasiwarushie mawe mchana wakiwa wamelala. Tunda lililotafunwa na popo litupwe, lisiliwe, na popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu. Mwenye nafasi shambani apande mkungu mmoja, wa kwao.